Niwa: maana iliyomo ndani ya jina la bustani ya Kijapani

Neno la Kijapani niwa kwa kawaida hutafsiriwa kwa neno moja tu, bustani. Tafsiri hiyo si kosa, lakini msomaji wa Kiswahili akiishia hapo, atakutana na mambo yatakayomtatiza. Ataonyeshwa picha ya bustani mashuhuri isiyo na mti wala ua hata moja, yenye mawe na changarawe nyeupe tu, naye atauliza ni bustani gani hiyo isiyopandwa kitu. Swali lake linatokana na neno letu kuliko na mahali penyewe. Bustani ni neno lililotufikia kutoka Kiajemi kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ni mahali penye harufu nzuri. Kabla hata hatujamaliza kulitamka, tumekwisha kuona maua, miti ya matunda na kivuli. Niwa halikuanzia huko.

Katika Kijapani cha kale, niwa ni mahali pa wazi, palipo sawa, palipotengwa kwa ajili ya kazi au shughuli fulani. Wakulima walikuwa na niwa ya kupuria na kuanikia nafaka. Katika Man'yoshu, mkusanyiko wa mashairi wa karne ya 8, hata uso wa bahari iliyotulia, pale wavuvi wanapofanyia kazi yao, umeitwa niwa. Kuku naye mpaka leo ni niwatori, yaani ndege wa niwa, na mtu yeyote aliyekulia katika nyumba iliyofuga kuku atatambua mara moja ni mahali gani panapozungumziwa: ni uani. Kwa hiyo Kiswahili kinayo maneno yanayoikaribia niwa zaidi kuliko bustani, nayo ni kiwanja na ua, yaani ua wa nyua, si ua la maua.

Miongoni mwa shughuli zilizotengewa niwa, iliyoacha alama kubwa kuliko zote ni ibada. Katika dini ya Shinto, inayoheshimu kami, yaani nguvu takatifu zinazokaa katika milima, miti, maji na mawe, mahali pa kuzipokea hupasa kusafishwa na kuachwa patupu. Uwanja uliotakaswa namna hiyo uliitwa yuniwa. Ndiyo maana changarawe nyeupe kwa Mjapani si jambo la urembo tu; inaashiria kwamba hapa pametengwa. Jambo hili linaonekana wazi katika kasri la zamani la wafalme jijini Kyoto. Mbele ya Shishinden, ukumbi mkuu wa sherehe, umetandazwa uwanja mpana wa changarawe, na karibu na ngazi imepandwa miti miwili tu, mcheri upande mmoja na mchungwa upande wa pili. Uwanja huo huitwa Nantei, maana yake ua wa kusini, na silabi tei ni alama ileile ya maandishi inayoandikia niwa, ikisomwa kwa matamshi yenye asili ya Kichina.

Mahali palipozungushiwa uzio na kupandwa mboga, matunda au maua palikuwa na jina lake tofauti, sono, na hilo ndilo linaloshabihiana hasa na bustani yetu. Alama yake ya maandishi imezungushiwa mistari pande zote nne, kama boma. Ikisomwa kwa namna ya Kichina huwa en, nayo imo katika maneno mengi ya kila siku: shule ya chekechea ni yochien, na bustani ya wanyama ni dobutsuen. Alama hizo mbili, ya niwa na ya sono, zikiunganishwa hupatikana teien, neno rasmi la bustani iliyosanifiwa, ambalo lilienea katika enzi ya Meiji iliyoanza mwaka 1868. Mtu wa kawaida akisema habari za nyumbani kwake, hata hivyo, husema niwa.

Palikuwa pia na jina la tatu, ambalo naona limesahauliwa bila haki: shima, yaani kisiwa. Soga no Umako, waziri mwenye nguvu aliyefariki mwaka 626, alichimba bwawa katika makazi yake na kuacha kisiwa kidogo katikati yake. Watu wakamwita Bwana wa Kisiwa. Kwa taifa linaloishi visiwani, kuleta bahari na kisiwa mpaka mbele ya baraza ilikuwa ni kuijenga upya nchi yenyewe kwa kipimo kidogo. Tangu hapo bustani ya Kijapani imebaki na tabia ya kukusanya mandhari kubwa, milima, pwani na maporomoko ya maji, ndani ya nafasi ya nyumba moja.

Namna ya kufanya hivyo imeelezwa katika Sakuteiki, kitabu cha karne ya 11 kinachohesabiwa kuwa miongoni mwa vitabu vikongwe zaidi duniani kuhusu utengenezaji wa bustani. Kinaanza na kusimamisha mawe, si na kupanda miti. Fundi anaelekezwa aweke kwanza jiwe kuu, kisha mengine ayaweke kwa kufuata yale ambayo jiwe hilo linayaomba. Anaonywa pia kwamba jiwe lililokuwa limesimama huko milimani lisilazwe, na lililolala lisisimamishwe, kwani kufanya hivyo huleta balaa. Nyuma ya maagizo hayo kuna imani ileile ya kami: jiwe lina hulka yake kabla halijafika mikononi mwa fundi.

Humo pia linatajwa neno karesansui, yaani milima na maji makavu, ambalo baadaye likawa jina la bustani za mawe za mahekalu ya Zen, madhehebu ya dini ya Buddha. Katika mahekalu hayo, upande wa kusini wa makazi ya mtawa mkuu uliachwa uwe uwanja wa changarawe wa kufanyia sherehe, na ni katika uwanja wa namna hiyo ambamo bustani ya Ryoanji, Kyoto, imetengenezwa. Ni mstatili wa takriban mita 25 kwa 10, wenye mawe 15 katika mafungu matano. Mtu aketi popote atakapo barazani, lipo walau jiwe moja litakalofichwa na mengine. Wako wasemao kwamba mawe hayo ni visiwa, na wako waonao chui milia akiwavusha watoto wake mtoni. Mimi naona uwanja wenyewe unatangulia maelezo yote hayo. Changarawe yake huchorwa mistari kwa reki, na haikanyagwi na mgeni yeyote. Aliyewahi kuona mistari ya fagio la chelewa kwenye mchanga wa uani alfajiri, kabla mguu wowote haujapita, hahitaji kuelezwa kwamba utupu huo umefanyiwa kazi.

Hata hivyo si kila niwa ni ya kutazamwa kwa mbali. Kijia kinachoelekea kwenye chumba cha chai huitwa roji, ardhi yenye umande, jina lililotoka katika Sutra ya Lotasi, kitabu kitakatifu cha dini ya Buddha, ambamo watoto waliookolewa kutoka nyumba inayoungua huketi salama mahali pa wazi. Mgeni hupita juu ya mawe yaliyopangwa kwa hatua, huinama penye birika la jiwe na kunawa mikono na kusukutua kwa kata ya mwanzi. Penye njia panda atakuta jiwe dogo, la ukubwa wa ngumi, limefungwa msalaba kwa kamba nyeusi na kuwekwa juu ya jiwe la kukanyagia. Hakuna maandishi wala mkono wa kumzuia. Jiwe hilo linasema njia hii isipitwe leo, naye hugeuka.

Katika nyumba za mjini za Kyoto, zilizo nyembamba mbele na ndefu kwenda nyuma, huwamo tsuboniwa, niwa ya kadiri ya tsubo moja au zaidi kidogo, na tsubo ni takriban mita za mraba 3.3. Hutosha taa ya jiwe, birika na makangaga machache, na huingiza mwanga na upepo katika vyumba vya katikati ambavyo vingekuwa na giza mchana kutwa. Familia inayoishi humo, pamoja na maisha yake ya nyumbani, huitwa katei, neno linaloandikwa kwa alama mbili: ya kwanza ni nyumba, na ya pili ni niwa.