Mlingoti mrefu hautakupa satelaiti

Kila anayenijia kutaka antena ya satelaiti za redio ya ridhaa, yaani redio ya wapenzi wa mawasiliano isiyo ya biashara, awe wa Igoma au wa Bwiru hapa Mwanza, huanza na mlingoti: uwe wa mita ngapi, bomba la inchi ngapi. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, sasa naliandika.

Mlingoti ni wa kuongea na watu walio ardhini, kuruka vilima na mapaa. Satelaiti iko juu tayari. Kituo cha Anga cha Kimataifa hupita takriban kilomita 400 juu yetu, na mita 12 za bomba hazikisogezi karibu. Kinapochomoza kwenye upeo kiko zaidi ya kilomita 2,000 kutoka ulipo. Kikipanda ndipo kinakaribia, na hapo hata antena iliyosimama uani, mita 2 tu kutoka ardhini, hukisikia vizuri. Unachotaka ni anga wazi. Kama jabali limekuziba upande mmoja, na Mwanza majabali tunayo, hamishia antena upande wa pili wa kiwanja.

Halafu kuna waya. Mita 20 za RG-58, waya mwembamba wa antena, kwenye masafa ya satelaiti ya 437 MHz hula zaidi ya robo tatu ya nguvu ya mawimbi. Umenunua Yagi nzuri, ile antena ya vijiti vilivyopangwa kwenye mhimili, unachopokea kinaishia njiani! Waya uwe mfupi, na LNA, kikuza mawimbi chenye kelele ndogo, ifungwe pale pale kwenye antena. Ukiiweka mezani kando ya redio inakuza mabaki pamoja na kelele. Na mvua zetu za ziwa, zinazopiga usiku hadi alfajiri, huja na radi nzito. Bomba la chuma lililozidi nyumba zote za mtaa ni hatari ya bure. Mwenye Yagi ya mkononi anafuatilia satelaiti dakika zake 10, anaingia nayo ndani.

Wengine huniambia QO-100, mtambo wa redio ya ridhaa uliobebwa na satelaiti, ni ya Qatar, basi dishi litazame Qatar. Hapana. Satelaiti inayoibeba, Es'hail-2, ni ya Qatar kweli, ilirushwa Novemba 2018, lakini imesimama juu ya ikweta, longitudo 25.9 Mashariki: juu ya Kongo, si mbali na Kisangani. Kutoka Mwanza elekea nyuzi 290 za dira, kisha panda hadi nyuzi 81. Dishi la ofseti, lile ambalo kichwa chake kimekaa pembeni badala ya katikati, litaonekana kama linatazama chini ya hapo. Usilirekebishe kwa macho, fuata mawimbi.

Dishi la TV la sentimita 80 ni dogo? Linatosha kabisa kusikiliza sauti kati ya 10,489.5 na 10,490 MHz. LNB ya kawaida, kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi, huhama masafa jua likiwaka, kwa hiyo jipime kwa bikoni, ishara ya satelaiti yenye masafa yanayojulikana.

Na wanaotarajia intaneti ya bure kwenye satelaiti hizi, haimo humo. Na kurusha si sawa na kusikiliza: kurusha kunataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Ipate kwanza, ndipo uniite kupima kiwanja.