Kutambua mnana (ndege anayesuka kiota) kando ya ziwa: anza na jicho

Mji wa Mwanza uko mashariki mwa Ghuba ya Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, kwa hiyo asubuhi ukilitazama ziwa, jua liko mgongoni. Tumia mwanga huo kati ya saa 1 na saa 3. Jioni utakuwa unatazama jua, na kila mnana ataonekana mweusi. Darubini ya 8x42 (hukuza mara 8, lenzi ya milimita 42) inatosha.

Njano haisaidii, karibu wote wanayo. Angalia jicho la dume, halafu mgongo. Kichwa cheusi, jicho jekundu na mgongo wa madoadoa meusi na ya njano: Ploceus cucullatus (jina la kisayansi; P. hapa chini ni Ploceus), yule mwenye makelele kwenye miti ya mjini. Jicho jekundu lakini mgongo wa njano tupu na tumbo la hudhurungi: P. jacksoni. Kichwa cheusi, jicho la kahawia, mgongo wa kijani-njano usio na madoa: P. melanocephalus.

Kwenye mafunjo, tafuta P. castanops mwenye uso wa kahawia na jicho jeupe, na P. pelzelni, mdogo, mdomo mwembamba, jicho jeusi. Huyu wa mwisho huchanganywa na P. intermedius, ambaye jicho lake ni jeupe-njano. Majike ni mtihani kwelikweli. Subiri uone jike anaingia kiota cha dume gani.

Kiota kinaeleza mengi. Dume wa cucullatus hung'ata ukingo wa jani la tete, kisha huruka na ile ncha mdomoni, utepe ukichanika kufuata urefu wa jani. Husuka kwanza pete ya wima, akasimama humo humo na kuendelea kusuka chumba upande mmoja na mlango unaotazama chini upande wa pili. Jike hukubali kiota kikiwa bado kibichi. Kikikauka bila kupata mwenyewe, dume hukifumua, kwa hiyo vile viota vilivyochakaa chini ya mti usivisingizie upepo tu.

Ukiona kekeo mwenye mgongo wa kijani unaong'aa (Chrysococcyx caprius) akizungukazunguka, kaa hapo: anatafuta kiota cha mnana cha kutagia yai lake.

Usiingie majini kufuata ndege. Kuna kichocho, na penye matete mazito huenda kuna kiboko. Jike akiwa na chakula mdomoni na hataki kuingia kiotani, wewe ndiye kikwazo. Rudi nyuma hatua kumi.