Ikthiosauri: mtambaazi aliyezaa baharini

Wageni wengi wa makumbusho wakiona mifupa mikubwa ya kale yenye meno, huiita dinosaria. Ikthiosauri aliishi zama zilezile, ila hakuwa dinosaria. Alikuwa mtambaazi wa ukoo mwingine, ambaye mababu zake waliacha nchi kavu wakahamia baharini. Miguu ikageuka makasia, umbo likawa kama la pomboo, lakini matamvua hakuwa nayo: ilimbidi apande juu kuvuta pumzi.

Aliyempatia umaarufu ni binti wa fundi seremala, Mary Anning, wa Lyme Regis, kusini mwa Uingereza. Mwaka 1811 kaka yake, Joseph, aliona fuvu kwenye magenge ya pwani. Mwaka uliofuata Mary, akiwa bado mtoto, akapata sehemu kubwa ya mwili uliobaki. Watu walidhani ni mamba. Fuvu hilo sasa lipo katika Makumbusho ya Historia ya Asili, London. Mary hakuruhusiwa kujiunga na Jumuiya ya Jiolojia ya London, kwa kuwa alikuwa mwanamke, ingawa wanachama wake walinunua na kuandika juu ya vitu alivyovichimbua yeye.

Kwangu mimi, visukuku vinavyosisimua zaidi vimetoka Holzmaden, Ujerumani. Yapata miaka milioni 180 iliyopita, mizoga ilizama kwenye tope la chini ya bahari lisilo na oksijeni, mahali ambapo wala nyamafu ni wachache. Ndiyo maana hata alama za ngozi zilibaki. Kabla ya alama hizo kugunduliwa, mkia uliopinda kwenda chini ulidhaniwa umevunjika baada ya mnyama kufa; alama hizo zilionyesha kwamba mfupa uliopinda ulibeba nusu ya chini tu ya pezi lenye pande mbili.

Humo humo walipatikana majike wenye vijusi tumboni. Wapo waliosema mama alikula watoto. Lakini mifupa hiyo midogo haina dalili za kusagwa wala kumeng'enywa, na baadhi ya watoto wameonekana wakiwa njiani kutoka, mkia ukitangulia. Kasa hadi leo hulazimika kupanda ufukweni kutaga; ikthiosauri alizaa huko huko majini.

Walitoweka kama miaka milioni 90 iliyopita, wakati bahari zilipopungukiwa oksijeni na hali ya hewa kuyumba. Kimondo kilichoangamiza dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita, hakikumkuta hata mmoja.