Je, wajua kwa nini muuguzi hupunguza msongo wake wa mawazo kwa mazoezi ya umakinifu bila kuyaondoa mawazo?

Kwa miaka mingi nililijibu swali hili kimakosa. Nikiulizwa mazoezi ya umakinifu ni nini, yale ya kuketi kimya na kufuatilia pumzi, nilisema ni kuondoa mawazo kichwani. Nadhani jina la tatizo ndilo lililonipoteza. Kiswahili kinasema "msongo wa mawazo", na mimi nikawaza abiria waliosongana kwenye daladala ya jioni kuelekea Buzuruga, hapa Mwanza. Tiba nikaiona iko wazi: shusha abiria, gari lipumue.

Nikaenda kujaribu juu ya mawe ya Capri Point. Dakika moja haikwisha, bili ya maji ikaja, ikafuatwa na ada ya shule. Kadiri nilivyoyafukuza mawazo ndivyo yalivyorudi kwa wingi, nikaondoka nikiamini sikujaliwa utulivu. Rafiki yangu muuguzi ndiye aliyenionyesha nilipokosea: nilipogundua kwamba akili imehama, niliacha, kumbe hapo ndipo zoezi linapoanzia.

Asili ya zoezi hili ni mapokeo ya Kibudha. Mwaka 1979 mwanasayansi Jon Kabat-Zinn alilipeleka hospitalini kama kozi, iliyokuja kuwa ya wiki 8, huko Massachusetts, Marekani. Wahudumu wa afya nao wakaanza kufundishwa, na UVIKO-19 ikaongeza hamu hiyo.

Linafanyaje kazi? Mtazame mtu anayepiga kasia kuelekea mwalo wa Kirumba siku ya upepo. Wimbi linasukuma pua ya mtumbwi kushoto, anairudisha. Linasukuma tena, anairudisha tena. Hangojei Ziwa Victoria litulie ndipo aondoke, wala hasemi ameshindwa kwa sababu wimbi limempiga. Kule kurudisha pua ndiko kwenyewe kupiga kasia. Pumzi ni ile alama ya nchi kavu anayoilenga. Akili ikihama mara 30 na kurudishwa mara 30, zoezi limefanyika mara 30.

Sasa mpe mtumbwi huo muuguzi wa zamu ya usiku. Wazo linakuja: glovu ilichanika? Likiachwa lijiendee, huzaa la pili, kwamba ataugua, na la tatu, kwamba atawaambukiza wanawe. Mwili hausubiri ushahidi. Adrenalini inapanda na moyo unakwenda mbio kana kwamba yote yametokea. Anayelitambua wazo la kwanza mapema anaweza kuikagua glovu, kisha akarudi kwa mgonjwa. Kuitoa pumzi taratibu nako kunasaidia: moyo huenda haraka kidogo tunapovuta pumzi na kupunguza mwendo tunapoitoa, kwa kuwa neva ya vagasi, iliyo kama breki ya moyo, hulegea na kukaza kwa zamu. Jambo hili hunishangaza kila nikishika mshipa wa mkono wangu.

Hofu hiyo si ya kubuni. Machi 2023 virusi vya Marburg vilitangazwa Kagera, ng'ambo ya ziwa. Mlipuko ulipokwisha, wagonjwa walikuwa 9 na waliofariki 6, mhudumu wa afya akiwemo. Zoezi lisilotambua hatari ya namna hiyo lingekuwa uongo, na halipaswi kutumiwa badala ya vifaa kinga au badala ya muuguzi wa pili anayehitajika wodini.

Ushahidi wenyewe una mipaka. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliokusanya majaribio 47 na washiriki 3,515 uliona ushahidi wa wastani kwamba mafunzo ya namna hii hupunguza wasiwasi na huzuni, lakini kwa msongo wenyewe, ambao ndio unaotajwa zaidi, ushahidi ulikuwa hafifu. Tena kwa aliyeshuhudia vifo vingi, kufumba macho kunaweza kurudisha picha alizozikimbia. Huyo anahitaji mtaalamu wa afya ya akili, na akifanya zoezi ni afadhali alifanye macho wazi.

Mahali pa kulifanyia tayari papo. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kunawa mikono kwa sabuni kwa sekunde 40 hadi 60, na muuguzi hunawa mara nyingi kwa zamu moja: maji ya baridi, sabuni katikati ya vidole, akili inakwenda kitanda cha jirani, anairudisha kwenye maji.