Eneo la maumbo: tunayoyaamini na yalivyo kweli

Dhana: mzingo ukiwa mkubwa, eneo nalo ni kubwa.

Hii ni dhana kongwe, na wala haiwasumbui wanafunzi peke yao. Zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, mwanahistoria Mgiriki Polybius aliwalalamikia hata viongozi na majemadari waliokadiria ukubwa wa mji kwa mzingo wake. Mfano wake: mzingo wa mji wa Megalopolis ni stadia 50 (kipimo cha urefu cha Wagiriki wa kale) na wa Sparta ni 48, lakini Sparta ni kubwa mara mbili.

Asiyeamini achukue uzi wa sentimita 20, aunganishe ncha zake. Akiutandaza uwe mraba wa 5 kwa 5, umezungushia sentimita za mraba 25. Akiuvuta uwe mstatili wa 9 kwa 1, zinabaki 9 tu, na uzi ni uleule. Akiufanya duara anapata karibu 32, na hapo ndipo kikomo: hakuna umbo ambalo uzi huo utazungushia eneo kubwa zaidi.

Kuna namba zinazochochea mkanganyiko huu. Mraba wenye upande wa 4 una mzingo wa 16 na eneo la 16. Duara lenye nusu kipenyo cha 2 nalo lina mzingo na eneo vyenye namba moja, takriban 12.57. Ni sadfa tu, na kwa maoni yangu mifano hiyo isitumike kabisa kwenye somo la kwanza.

Dhana: eneo la msambamba ni upande mara upande.

Kata vipande vinne vya kadibodi, viwili vya sentimita 10 na viwili vya 6, uviunganishe kwa pini kwenye pembe. Vikisimama wima una mstatili wa sentimita za mraba 60. Sasa sukuma upande wa juu ulale, upate msambamba. Pande hazijabadilika hata kidogo, ila kimo kimeshuka. Kikifika 4, eneo ni 40; kikifika 1, ni 10; ukiendelea mpaka vipande vilaliane, hakuna eneo tena. Kwa hiyo kinachozidishwa na kitako ni kimo, yaani umbali unaokutana na kitako kwa pembe mraba, wala si ule upande ulioinama.

Kwenye pembetatu kosa ni lilelile, na limeongezewa lingine: kudhani kwamba kitako ni lazima kiwe upande wa chini. Upande wowote unafaa, alimradi utumie kimo chake. Pembetatu yenye pande 13, 14 na 15 ina kimo cha 12 juu ya upande wa 14, na nusu ya 14 × 12 ni 84. Igeuze ikalie upande wa 15: kimo kinakuwa 11.2, na jibu ni 84 vilevile. Pembetatu ikiwa na pembe butu, kimo huweza hata kuangukia nje ya umbo. Wengi wakiona hivyo hufuta mchoro wakidhani wamekosea.

Dhana: pande zikiongezeka maradufu, eneo nalo ni maradufu.

Hapana, ni mara nne. Ndiyo maana mita moja ya mraba, ambayo kila upande wake ni sentimita 100, ina sentimita za mraba 10,000 na si 100, kosa linalowapotezea wanafunzi alama hata pale ambapo hesabu nyingine zote ziko sawa.

Dhana: pai ni 22/7.

Pai ni mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake, na 22/7 ni makadirio yake tu. Archimedes, mwanahisabati Mgiriki wa kale, alikwisha kuonyesha kuwa pai ni ndogo kidogo kuliko 22/7 na ni kubwa kuliko 223/71. Kwa duara lenye nusu kipenyo cha mita 10, ukitumia 22/7 unazidisha eneo kwa takriban sentimita za mraba 1,264, kati ya mita za mraba zaidi ya 314. Kwa kazi nyingi hiyo si hoja. Kwenye mtihani, tumia thamani ya pai uliyoelekezwa.