Dawa ya kuziba jino imedondoka: mambo ya kujua kabla ya kumlaumu daktari, au kumsamehe

Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani huadhimishwa kila tarehe 20 Machi, na maandalizi yake hapa Arusha huja na malalamiko. Safari hii mengi yameegemea upande mmoja: "Niliziba jino kwa ile dawa nyeupe, imetoka." Wengine wanaongeza kwamba ile ya kijivu ya zamani ndiyo ilikuwa imara, hii mpya ni biashara. Idara yetu ya meno imeona ni vyema kutoa maelezo.

Weupe huo una sababu. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017. Marekebisho ya mwaka 2022 yanazitaka nchi wanachama zisitumie amalgamu, yaani ile ya kijivu yenye zebaki, kwenye meno ya utoto, kwa wagonjwa walio chini ya miaka 15, na kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa pale mtaalamu anapoona haiepukiki. Hapo hatujasema mwenye amalgamu iliyokaa salama miaka ishirini aje kuitoa. Tafadhali asije. Kuichimba kunatoa mvuke wa zebaki na kunapunguza sehemu ya jino isiyoharibika bila sababu.

Tofauti kubwa iko kwenye namna ya kushika. Amalgamu hubanwa na umbo la tundu lenyewe, ambalo daktari hulichonga liibane. Kompositi, ile yenye rangi ya jino, hushikwa na bondi, gundi maalumu inayopakwa kabla yake. Bondi ikikosewa, hata kompositi ya bei kubwa itatoka.

Kwenye enameli, ganda gumu la nje, tunapaka jeli ya asidi ya fosforiki ya asilimia 35 hadi 37 kwa sekunde 15 hadi 30, kisha tunaiosha. Inaacha vishimo visivyoonekana kwa macho, bondi inaingia humo na kugandia. Fundi anayekwangua zege kabla ya kupiga plasta hahitaji kuelezwa zaidi. Njia hii ilichapishwa mwaka 1955 na daktari wa meno wa Marekani, Michael Buonocore, kwa hiyo wanaosema "daktari aliniunguza jino kwa asidi" wanalalamikia jambo lenye umri mkubwa kuliko wao.

Dentini, iliyo chini ya enameli, ndiyo yenye matatizo. Enameli ni madini karibu asilimia 96 kwa uzito. Dentini ni kama 70, na sehemu iliyobaki ni nyuzi za kolajeni na maji. Asidi ikizidi sekunde 15 hapo, inachimba kina ambacho bondi haitakifikia. Jino likipulizwa hewa mpaka likauke kabisa, nyuzi zinalala na bondi haipiti. Likiachwa na maji mengi, bondi inachujuka. Baada ya kupakwa, bondi husuguliwa taratibu, hupulizwa ili asetoni au alkoholi iliyomo iondoke, ndipo humulikwa kwa taa ya bluu. Kompositi nayo huwekwa kwa tabaka, kwa kawaida zisizozidi milimita 2, kila tabaka likimulikwa, maana mwanga haufiki mbali na nyenzo hii hunywea inapoganda. Taa hiyo si eksirei. Usiikodolee macho, basi. Zipo pia bondi zenye asidi ndani yake, kwa hiyo usipoona jeli usidhani hatua imerukwa.

Sasa mate. Tone moja likigusa jino baada ya asidi, kazi inarudi nyuma: kuosha, kukausha, mara nyingi kupaka asidi upya. Ndiyo sababu daktari anakukataza kutema katikati ya kazi, na ndiyo sababu tunaweka karatasi ya mpira inayotenga jino na mdomo. Wagonjwa wengi wanaikataa wakidai inaziba pumzi. Pumzi hupita puani. Aliyebanwa na mafua aseme, tutapanga siku nyingine.

Fizi inapovuja damu, au tundu likishuka chini ya fizi mahali pasipokaushika, daktari anaweza kuchagua glasi ayonoma, nyenzo nyingine ya kuzibia. Hii hushikana na kalisiamu ya jino na huvumilia unyevu kidogo zaidi. Ndiyo pia nyenzo ya ile njia ya kuziba bila mashine, kwa vyombo vya mkono tu, iliyoanzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Haing'ai kama kompositi, na kumwona anayeitumia kuwa daktari wa kimaskini ni kutomtendea haki.

Hapa kwetu kuna jambo la ziada. Maji ya miteremko ya Meru yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, na magadi tunayopikia huongeza nyingine. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita; vipo vyanzo vya mkoa huu vinavyopita hapo mara kadhaa. Meno ya kahawia yanayotokana nayo hayana uchafu, na kuyasugua kwa mchanga au asidi ya betri ni kujiumiza. Tabaka la juu la enameli yake linaweza kukataa asidi, huku chini yake kukiwa na vinyweleo. Daktari hulazimika kulikwangua kidogo au kuongeza muda wa asidi, na hata hivyo bondi inaweza isishike kama kwenye jino la kawaida. Umezaliwa Maji ya Chai au Ngare Nanyuki? Mwambie. Mwambie pia kama umeng'arisha meno kwa peroksaidi karibuni, maana inafaa kusubiri kama wiki mbili, na kama una dawa ya muda yenye harufu ya karafuu, kwa sababu mafuta yake huzuia kompositi kuganda sawasawa.

Kuhusu malalamiko. Kadi yako iandikwe tarehe, namba ya jino na nyenzo iliyotumika. 36 ni gego kubwa la kwanza la chini kushoto. Rudi kwanza kituo kilekile na kadi na risiti. Usiporidhika, andika kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, kisha wa Mkoa. Mwenendo wa daktari aliyesajiliwa husikilizwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, linaloweza kumpa onyo, kumsimamisha au kumfuta kwenye rejista. Fidia hudaiwa mahakamani. Asiyesajiliwa, anayeziba meno saluni au chumbani kwake, anatenda kosa la jinai, na huyo anapelekwa polisi. Ukishuku nyenzo yenyewe, imepita muda au haina usajili, TMDA, mamlaka inayodhibiti dawa na vifaa tiba, ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa mjini. Omba uonyeshwe chupa, ni haki yako. Bondi inayoshinda bila kifuniko, hasa kwenye joto la Moshi, huharibika kabla ya tarehe iliyoandikwa.

Kipande kikitoka, usikirudishe kwa supaglu. Tunatumia muda mrefu kuikwangua kuliko ambavyo tungetumia kuziba upya, na jino linalobaki ni dogo zaidi. Piga mswaki kama kawaida, tafunia upande mwingine, uje ndani ya wiki. Likikupwita usiku, njoo kesho yake.