"Nikipata moyo nitaanza": dhana inayowakwamisha watu zaidi

Wiki iliyopita, watu watatu niliowapokea katika chumba changu cha ushauri hapa Lubumbashi walinipa jibu lile lile: "Nikipata moyo nitaanza." Mmoja alikuwa mama muuza makala, yaani mkaa, wa komini ya Kenya ya hapa mjini, ambaye hajafungua biashara yake tangu Pasaka, wa pili alikuwa mwalimu, na wa tatu kijana mwenye lisansi ya sheria. Nimelisikia jibu hilo kwa miaka mingi, na katika kazi yangu sijaona dhana inayowachelewesha watu kuliko hiyo.

Wanaoishika huamini kwamba hamu hutangulia tendo. Mtu mwenye shughuli na afya njema huona kweli kuwa anatamani kwanza kisha anatenda, kwa hiyo siwashangai. Kwa aliyekwama, hata hivyo, mambo huenda kinyume. Mama anapoacha kwenda sokoni hakosi faida peke yake, bali pia salamu za wenzake, mabishano ya bei, uchovu wa jioni na usingizi mzito unaoufuata, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vikimpa hamu ya kuamka kesho yake. Kadiri anavyobaki ndani ndivyo hamu inavyopungua, na kadiri inavyopungua ndivyo anavyozidi kubaki ndani. Mwanasaikolojia wa Marekani, Peter Lewinsohn, aliueleza mzunguko huu katika miaka ya 1970. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake walionyesha kwamba kuwarudisha wagonjwa wa sonona kwenye shughuli zao, bila kuongeza mbinu za kurekebisha mawazo, kuliwasaidia sawa na tiba kamili ya utambuzi, yaani ile inayorekebisha pia namna mtu anavyofikiri. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2016, uliohusisha watu wazima 440, ulifikia matokeo ya namna hiyo hiyo, ingawa tiba ya shughuli ilitolewa na wahudumu wenye mafunzo mafupi zaidi.

Mama muuza makala ndiye aliyenielewa upesi, maana anajua kuwa hakuna angojaye mbabula, jiko la makala, ipate moto ndipo atie makala. Tulikubaliana gunia moja tu, Alhamisi, saa moja asubuhi, mbele ya nyumba yake, wala si sokoni. Kijana wa sheria alinipinga kwa muda mrefu. Vyeti vyake vilikuwa ndani ya bahasha ya plastiki iliyokuwa imeanza kupasuka pembeni kwa kubebwa huku na huku, na hakuwa amevitoa nakala hata moja. Nilimwomba atoe nakala tatu Jumanne saa tatu, basi. Aliporudi aliniambia, karibu kwa kunishtaki, kwamba alitoka nyumbani bila hamu yoyote. Nilimjibu kwamba sikumwagiza hamu, nilimwagiza nakala, na nakala zilikuwa mezani.

Nasisitiza siku, saa na mahali, hata wengine wakiniona msumbufu. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha mwaka 1999 kwamba anayepanga "ikifika saa fulani, mahali fulani, nitafanya hili" hutimiza nia yake mara nyingi zaidi kuliko anayesema tu kwamba atajitahidi. Neno "nitajitahidi" silipokei ofisini kwangu.

Wapo pia wanaosema kwamba aliyekwama ni mvivu. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kwa mpango wa kupunguza kazi, wengi wao wakiwa watu waliokuwa wameamka alfajiri kwa miongo miwili au mitatu. Kumwita mvivu baba aliyenyamaza kitini baada ya maisha ya namna hiyo ni dhuluma, na tena humwongezea aibu inayomfungia ndani zaidi.

Vijana wengi huniambia kwamba wakihamia Kolwezi, mji wa migodi, moyo utabadilika. Kama kuna kazi inayowangoja huko, waende. Kama hakuna, watafika na ukimya ule ule, mbali na mama zao. Hotuba za kutia moyo zinazosikilizwa kwenye simu usiku kucha nazo huisha nguvu kabla ya kifungua kinywa, na kibaya zaidi humnyima mtu usingizi anaouhitaji ili aamke.

Siwezi pia kukubali kwamba kila kukwama hutibika kwa ratiba. Mtu ambaye kwa wiki mbili au zaidi ana huzuni karibu kila siku, halali vizuri, hali chakula, na mambo aliyoyapenda hayamgusi tena, aonane na mhudumu wa afya. Apimwe pia damu, kwa sababu upungufu wake huleta uchovu unaofanana sana na kukata tamaa. Akianza kuzungumzia kufa, ndugu wasimwache peke yake na wampeleke siku hiyo hiyo, wasingoje Jumatatu.